Gari la Bismillahi Ndefu

Amekufa yule bwana wa magari. Habari ilinikuta sokoni Kismayu, nimesimama mbele ya muuza ndimu, na muuza ndimu ndiye aliyenipa, kwa sauti ile ya chini ambayo watu huiweka akiba kwa ajili ya misiba: "Umesikia? Presha. Mchu mwema kaondoka." Mchu, ndivyo sisi Wabajuni tumwitavyo mtu. Nikasema inna lillahi, kwani hiyo ni haki ya kila Mwislamu, hata aliyekuuzia giaboksi mbovu. Kisha nikalipia ndimu zangu nikaenda zangu. Najua wasomaji wangu wa siku zote wameshaanza kukunja uso. Tumefundishwa kuwataja wafu kwa wema, na huyu mwandishi wenu, mzee mzima, anaanza kwa kuuma. Nakubali, nauma. Tangu siku ya mazishi nimetafuta jambo jema la kuliandika hapa, nami nimepata moja: marehemu alikuwa na sauti nzuri. Ndiyo sauti hiyo iliyotumaliza.

Nimweleze kwa asiyemjua. Alizaliwa kisiwani Koyama, katika ukoo wa mafundi wa vyombo, watu waliounda mashua zikaenda na zikarudi. Vita vilipotutawanya alikimbilia Mombasa kama wengi wetu, na aliporejea Kismayu hakuja na tezo wala msumeno. Alikuja na namba ya simu ya jamaa wa Dubai. Akafungua uwanja kando ya njia ya bandarini, akaujaza magari ya otomatiki yaliyochokwa na wenyewe, akayapiga rangi, akayatundikia tasbihi kwenye kioo, akakaa kivulini na kanzu yake nyeupe akauza. Naye alikuwa wetu. Hilo neno lishikeni, maana ndilo lililofanya kazi yote. Mgeni akituuzia gari tutaligeuza chini juu, tutaingia uvunguni na tochi, tutamwita fundi na shemeji yake fundi. Akituuzia wetu, twamuuliza habari za mama yake.

Sasa, watu wa visiwani walikuwa na shida ya miaka. Mgonjwa akiletwa na boti kutoka Koyama au Chovae, akishafika pwani ya Kismayu hulazwa mchangani huku jamaa zake wakizunguka mji kuomba gari la kumpeleka hospitali. Ndugu walioko Ulaya wakachanga, ikaundwa kamati, na kamati kwa hekima yake ikaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa yule bwana. Siku ya kulijaribu gari nami nilialikwa, nadhani ili niandike maneno matamu. Mwenyekiti wa kamati akakaa mbele, sisi wengine tukabanana nyuma, marehemu akashika usukani. Akatia gia ya kwenda mbele. Gari halikwenda. Injini inanguruma, breki imeachiwa, na sisi tumekaa kimya kama wageni wanaongoja chai. Halafu, gup! Likaruka kwa teke, paji la uso la mwenyekiti likabusu kioo. "Msishtuke, jamaa," marehemu akasema kwa ile sauti yake. "Gari hili lina adabu. Husoma bismillahi kwanza, ndipo liondoke." Watu wazima wenye ndevu zao wakacheka. Nikajiuliza, bismillahi gani hii ndefu kama Yasini?

Tukaingia barabarani. Alipokanyaga mafuta, injini ikapiga kelele kama inayochinjwa, na gari likabaki na mwendo wake uleule wa kwenda sokoni. "Hiyo ni kukohoa vumbi la Dubai." Mluzi mwembamba ukatoka chini ya miguu yetu, ukipanda kila gari lilipopanda. "Huo ni upepo wa kaskazi." Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Akatia gia ya nyuma, kitu kikagonga, ngo! "Linabisha hodi." Lo! Ulimi ule ungeweza kumuuzia samaki maji. Nilipofungua mdomo kusema neno, akanyoosha mkono akafungua redio, na redioni mlikuwa na kisomo cha Kurani, kimepandishwa sauti hadi milango ikatetemeka. Nani atamwambia mtu apunguze Kurani? Nikafunga mdomo mpaka tulipofika, na jambo hilo sitamsahaulia hata nikiambiwa nimsahaulie: alilichukua neno la Mwenyezi Mungu akalifanya tambara la kufunikia giaboksi.

Mimi si fundi. Lakini miaka yangu ya Mombasa niliishi nyumba iliyopakana na gereji, na mtu akilala ukuta mmoja na gereji hujifunza kama anavyojifunza majina ya watoto wa jirani. Gari la gia za mkono, kazi ya kubadilisha gia huifanya mwenyewe kwa mkono na mguu. La otomatiki, kazi hiyo yafanywa na mafuta: ndiyo yanayosukuma, ndiyo yanayobana klachi za ndani zishike. Mafuta yakiungua, au klachi zikilika, injini huzunguka bure na magurudumu hayapati habari. Ndipo unapoona kuchelewa, na teke, na kelele bila mwendo. Tuliposhuka nikasema mbele ya wote: "Fungueni giaboksi, mwage mafuta, mtazame rangi yake." Marehemu akaniwekea mkono begani. "Walaal," akaniita ndugu kwa Kisomali, kama anavyofanya kila anayetaka kukunyamazisha kwa upole, "wewe umekaa Mombasa sana. Umekuwa mchu wa shaka." Na mwenyekiti, mkono ungali kwenye paji lake lililovimba, akatutolea methali: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Haya. Lilitula, likatumaliza, likapangusa mdomo.

Hebu niwaulize. Mnajua yeye mwenyewe alikuwa akiendesha gari gani? Pikapu kuukuu ya gia za mkono, imeota kutu mpaka kwenye milango. Mkewe alipanda pikapu. Mama yake, alipokuwa hai, alipanda pikapu. Siku moja nilimwuliza kwa nini mwenye uwanja mzima wa otomatiki anahangaika na kubadilisha gia kwa mkono katika joto hili. Akacheka, meno yote nje. "Mimi mchu wa kizamani, bwana." Wanaomtetea husema hakujua, alikuwa mfanyabiashara tu. Hakujua! Asiyejua hupanda bidhaa yake mwenyewe. Pikapu ile ndiyo iliyonifanya nimdharau, na dharau hiyo haikunitoka mpaka nilipotupa udongo wangu kaburini.

Lakini nisimbebeshe peke yake, nitakuwa nimewaonea huruma wasiostahili. Sisi tumekuwa watu wa kuinamisha masikio. Kila kitu chatufikia kimeshatumika: magari, majenereta, friji, hata nguo za arusi. Nacho huja na kelele zake, nasi twaizoea kelele wiki ya kwanza, wiki ya pili twaitungia mzaha, wiki ya tatu asemaye kwamba kuna kelele ndiye mwenye kasoro. Babu zetu hawakuwa hivyo. Mashua ikilia ubao mmoja tu, huvutwa juu ya mchanga, ikatafutwa penye ufa, ikakalafatiwa kwa pamba na kupakwa mafuta ya papa mpaka ikanyamaza, kwa sababu kule nje, majini, hakuna atakayekuonea haya. Kwetu nchi kavu tumegundua kwamba aibu ya kumwuliza ndugu ni nzito kuliko roho ya mgonjwa. Na giaboksi haina ukoo, haijui huyu mjukuu wa nani.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa pwani kutafuta samaki, changu wa chakula cha mchana. Boti ikaingia kutoka Koyama imemleta mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, mimba yake ya kwanza, na mama yake amemshika mgongo. Gari la kamati lilikuwapo, nalo nililiona likingoja, safi, limeoshwa. Wakampakia. Dereva, kijana wa watu asiye na kosa ila kutii, akatia gia. Bismillahi ikaanza. Tukangoja teke. Teke halikuja. Akakanyaga, injini ikalia pwani nzima ikageuka, na gari likabaki palepale kwenye mwinuko wa mchanga, halipandi wala halirudi, moshi wenye harufu ya kuungua ukitoka chini. Mama akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, hii yenda?" "Yenda, mama. Subiri kidogo." Akasubiri. Tukasukuma, wavuvi na wachukuzi na mimi na changu wangu kwenye mfuko, tukasukuma mpaka viatu vikatutoka. Mwishowe mtu akaleta mkokoteni wa punda, na mwanamke akalazwa juu ya magunia. Mtoto alizaliwa njiani, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshachoka na dunia hii. Mama yake alipona.

Na mji ukasema nini? Kadari. Mwenyekiti alisema kadari, kamati ikasema kadari, marehemu alikwenda kutoa pole kwa sauti yake nzuri akasema kadari mara nyingi kuliko wote. Kadari naiamini, nayo ni nguzo ya imani yangu. Lakini naona hapa kwetu imekuwa kama uwanja wa yule bwana, kila mwenye kitu kibovu huenda kukiegesha humo.

Gari likavutwa hadi uwanjani kwake, akakaa nalo siku chache, akalirudisha. Na wallahi lilikuwa kimya! Halipigi teke, halipigi mluzi, linapanda mwinuko kama paka. Watu wakamshangilia. Mimi nililipanda mara moja, kutoka msikitini hadi sokoni, na kabla hatujafika nusu ya njia nikaisikia harufu. Injini ikipata moto, kutoka chini ya mazulia hupanda harufu nzito, ya uvundo, ambayo Mbajuni yeyote aliyekulia pwani huijua kuliko harufu ya jiko la mamake. Sifa. Mafuta ya maini ya papa, tunayopakia vyombo. Mtoto wa mafundi wa mashua alikuwa amefanya alichowaona wazee wake wakifanya: chombo kikilia, kipake mafuta ya papa kinyamaze. Tofauti ni kwamba wazee walipaka ubao baada ya kuziba ufa, yeye akamimina mafuta ndani ya giaboksi na ufa wake. Yangenyamazisha kwa muda, kisha yangepikika humo ndani yakawa lami. Nilisema barazani pa msikiti, kwa sauti, "Jamaa, gari linanuka papa." Unajua nilijibiwa nini? "Sisi sote twanuka papa, shehe, ndiyo asili yetu." Wakacheka hadi wakakohoa. Kumbe walikuwa wameinusa. Kila mmoja wao.

Haikupita muda, presha ikamchukua. Tukamsalia, na kama ilivyo desturi, imamu akatugeukia akauliza, "Mwamshuhudiaje maiti huyu?" Na mji mzima kwa kinywa kimoja, "Mwema!" Neno hilo lilitoka upesi na laini, halikuchelewa hata kidogo. Mimi sikusema kitu, na jirani yangu wa safu alinikanyaga kidole cha mguu.

Ikabaki hitima. Hapo ndipo nilipojua kwamba kamati, ambayo haikujifunza udereva wala ufundi kwa marehemu, ilikuwa imejifunza biashara. Walijua ule ukimya hautadumu. Kwa hiyo waliamua kuliuza gari lingali linanyamaza, na mnunuzi walikuwa wameshampata: wazee wa Chovae, waliotaka gari lao wenyewe la wagonjwa. Nao walikuja kwenye hitima kutoa mkono wa pole, na baada ya alasiri walikuwa waondoke na ufunguo. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya msiba, limetumika asubuhi kuleta sufuria za pilau. Kisomo kikaisha. Msemaji wa familia akasimama barazani, akasema la desturi: mwenye dai kwa marehemu ajitokeze, na aliyekosewa amsamehe. "Tumesamehe!" wakaitika wote, haraka haraka, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa.

"Mimi sijasema."

Sauti ilitoka mlangoni, upande wa wanawake. Alikuwa mama yule wa Koyama, amejifunika mtandio mweusi, amesimama kizingitini haingii wala hatoki. Tangu msiba wa mjukuu wake alikuwa akikaa hapa mjini kwa dada yake, akimwuguza binti. Baraza lote likatazama chini. "Nataka kumsamehe," akasema, na hakupaza sauti. "Mchu kafa, yu mbele ya Mola wake, sitaki kumshika nguo. Lakini sijui namsamehe nini. Mkiniambia ni kadari, kadari haisamehewi, hukubaliwa tu, na mimi nimekubali. Ikiwa ni mkono wake, nionesheni. Fungueni hiyo gari."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, leo siku ya hitima. Mambo haya tuyasitiri."

"Mficha uchi hazai," mama akamjibu. "Mwanangu alijifungua juu ya mkokoteni wa punda, mchana kweupe, mbele yenu nyote. Nyinyi mwasitiri nini?"

Mwenyekiti akamtazama msemaji, msemaji akatazama pilau. Ndipo mzee mmoja wa Chovae, aliyekuwa amekaa karibu na ngazi, akajipangusa mikono polepole akasema, "Na sisi tungependa kuona, kabla ya ufunguo." Dereva hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivua kofia yake ya kisomo, akaiweka juu ya boneti, akatambaa uvunguni na spana. Akaomba chombo, akapewa beseni la kunawia mikono. Mafuta ya giaboksi yakiwa mazima huwa mekundu na mepesi kama sharubati. Yaliyoshuka pale yalikuwa meusi, mazito, yakianguka vipande vipande na chembe za chuma zikimeta ndani yake. Halafu harufu ikafika barazani. Ikapita juu ya udi, juu ya hiliki ya pilau, ikaingia ndani kwa wanawake. Haikuhitaji fundi wala mwandishi. Wanaume wale wote wamewahi kupaka vyombo na baba zao, mikono imenuka hivyo wiki nzima, wamekataliwa kula sinia moja kwa ajili ya harufu hiyo. Mmoja akaziba pua. Ala! Siku zote ulilipanda hukuziba, leo waziba?

Mama wa Koyama alishuka kizingiti, akaja mpaka kwenye beseni, akainama akalitazama kwa muda. Nilidhani atalia. Hakulia. Alijiinua akasema, "Basi. Sasa najua. Nimemsamehe, Mungu amrehemu." Watu wakashusha pumzi, mwenyekiti akaanza hata kutabasamu na kunyoosha mkono kama wa kumshukuru. Mama akautazama mkono ule.

"Yeye," akasema. "Nyinyi bado. Yeye kafa, kaombewa na wenzake. Nyinyi mlikuwa mwaipanda, na mwainusa. Aje kila mmoja na miguu yake."

Akaondoka, na binti yake, aliyekuwa amekaa ndani na wanawake, nyuma yake. Wazee wa Chovae wakaaga kwa adabu, wakarudi botini bila ufunguo. Pilau likaliwa, kwa sababu sisi ni watu wa kula pilau hata dunia iishe, lakini nilisikia kila kijiko kikigusa sinia.

Msomaji wangu, kama kuna funzo, ndilo hili, nalo nalisema bila sauti nzuri. Chombo chochote kikilia, usiulize aliyekuuzia ni mwana wa nani. Kifungue ukitazame, na atakayekasirika kwa kutazamwa umeshamjua. Na maiti tumwachie Mola wake, maana hata huyu nimemaliza naye leo, sitamwandika tena. Yeye alisimamiwa na mji mzima ukamwombea radhi. Aliye hai hana wa kumwombea, lazima aende mwenyewe. Mpaka naandika haya, aliyekwenda kwa mama yule ni dereva peke yake. Alikaa naye asubuhi moja, akatoka macho mekundu, na akasamehewa. Mwenyekiti nimemwona mara mbili akifika kwenye kona ya mtaa ule akasimama, akatengeneza kofia, akageuka. Nyumba ya dada yake mama iko hapahapa, karibu na msikiti, na njia ni tambarare tupu. Hata gari lile lingefika.